Siku Moja Kilwa Kisiwani, Mimi na Mama Watoto



Katika vijiji vyetu, mume na mke wakionekana pamoja wanangoja basi, na mkoba umefungwa, watu huuliza neno moja tu: "Nani amefariki?" Kama si msiba, basi ni hospitali, kama si hospitali, ni harusi ya ndugu. Mwezi wa Julai mimi na Mama Watoto tuliulizwa hivyo mara tatu kabla basi halijafika. Tulipojibu kwamba twaenda kutembea tu, mzee mmoja alicheka hata akakohoa, akasema, "Kutembea! Kwani kwenu hakuna njia ya kwendea shamba?"

Najua yuko baba anayesoma ukurasa huu ambaye naye ana swali lake: fedha zilitoka wapi? Zilitoka katika ufuta. Tulipouza, kwanza tulitenga za shule, kisha tukalipa deni la salfa ya mikorosho. Zilizobaki Mama Watoto alizifunga katika pindo la kanga, na humo ndimo zilimotoka nauli, chakula na kitanda cha siku mbili. Watoto tuliwaacha kwa bibi yao, ambaye hakuuliza kitu ila siku ya kurudi.

Wenye nafasi huenda mbali kutazama maajabu ya nchi. Wengine hupanda mpaka Iringa, wakashuka katika korongo la Isimila kuona nguzo za udongo zilizochongwa na maji ya mvua, pamoja na zana za mawe zilizoachwa na watu wa kale sana. Ni pazuri, sikatai. Lakini sisi watu wa Lindi tuna mahali petu ambapo wageni hutoka Ulaya na Marekani kuja kupaona, nasi twapita Nangurukuru ndani ya basi tukisinzia. Magofu ya Kilwa Kisiwani, pamoja na yale ya Songo Mnara kusini yake, yaliandikwa mwaka 1981 katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya urithi wa dunia nzima. Na wako watu wengi wa mkoa huu waliokwisha kuzeeka bila kukanyaga kisiwa kile.

Tena lilikuwapo jambo jingine. Mama Watoto hakutaka kwenda Kilwa. Mahali pengine popote, ndiyo, Kilwa, hapana. Kwao yeye ni Mmwera wa bara, na katika nyumba ya bibi yake jina la Kilwa lilikuwa la kutishia watoto. Mtoto akilia usiku aliambiwa, "Nyamaza, watu wa Kilwa wanapita." Yule bibi naye alilipata kwa mama yake, na mama yake kwa wale walioiona misafara kwa macho, ikitoka pande za Ziwa Nyasa na kuteremka pwani, watu wamefungwa shingo kwa miti. Nilimwambia kwamba misafara ile ya karne ya 19 ilishukia Kilwa Kivinje, bandari iliyo pwani ya bara, si kisiwani. Akanijibu, "Kilwa ni Kilwa." Ikawa hivyo miaka mingi. Mwaka huu alisema mwenyewe, tukiwa tunapepeta ufuta, "Basi twende nikapaone, yaishe." Sikumwuliza kwa nini. Kuna maneno ya mke ambayo mume mwenye akili huyapokea tu.

Tulilala Kilwa Masoko. Hapo ndipo hutolewa kibali, maana hairuhusiwi kuzunguka magofu bila kibali wala bila kiongozi. Asubuhi mapema tulikuwa gatini. Nahodha wetu alikuwa mzee wa makamo, tukamwamkia, akatupakia katika mashua ya tanga. Kisiwa ki karibu, yapata kilometa mbili tu za maji, waweza kuziona nyumba zake ukisimama gatini. Lakini Julai ni wakati wa kusi, na mawimbi yalikuwa yakitupiga ubavuni. Mama Watoto alishika rozari mkono mmoja, na mkono wa pili alishika mkono wangu, mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya arusi yetu.

Nahodha, apate kumsahaulisha hofu, alisimulia hadithi ya kisiwa. Zamani, alisema, maji yakipwa mtu aliweza kwenda kwa miguu kutoka bara. Kisiwa kilikuwa cha mfalme wa bara. Akaja mgeni wa ukoo wa Shirazi, Ali bin Hasan, akataka kukinunua. Mfalme akakubali kwa sharti kwamba kisiwa kizungushiwe nguo. Mgeni akazitandaza nguo pande zote mpaka zikakutana, na mfalme akazikusanya akahamia bara, huku moyoni amekusudia kurudi na watu wake amwue yule mgeni. Lakini mgeni alikwisha kuchimbua kivuko, na maji yakawa hayapwi tena. Hadithi hii imo pia katika tarehe ya kale ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Mama Watoto alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na nguo zote hizo, mkewe yule mfalme alipewa doti ngapi?" Nahodha alicheka hata usukani ukamponyoka kidogo.

Tulishukia karibu na jengo kubwa la ufukweni liitwalo Gereza. Jina hili lafaa tulifikiri kidogo. Wataalamu wa lugha husema neno letu "gereza" limetokana na neno la Kireno "igreja", yaani kanisa. Jinsi kanisa lilivyogeuka kuwa gereza katika kinywa cha Mswahili, Kilwa yaweza kutueleza.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika hapa na merikebu za vita, akamtisha mtawala wa mji, Amiri Ibrahimu, kwamba ataupiga mji mizinga asipokubali kumlipa kodi ya dhahabu mfalme wa Ureno. Amiri akalipa. Dhahabu ile haikutoka Kilwa. Ilitoka bara ya kusini, pande za Zimbabwe, ikapitia bandari ya Sofala, na utajiri wa Kilwa ulikuwa katika kuishika njia hiyo ya bahari. Ilipofika Lisbon, Mfalme Manuel aliamuru itumike kutengeneza monstransi, kile chombo ambacho padre hutuinulia wakati wa baraka ya Sakramenti Kuu. Kazi hiyo ilikwisha mwaka 1506, na juu yake yameandikwa maneno yanayotaja wazi kwamba dhahabu ni ya kodi ya Kilwa. Chombo hicho kipo hata leo katika nyumba ya makumbusho huko Lisbon, na wanaokijua husema ni kazi nzuri ajabu.

Kabla hakijamalizika, mwaka 1505, mwezi wa Julai, alifika Francisco de Almeida na majeshi. Mmoja wa waliokuwa katika merikebu zake aliandika habari: Amiri alikimbia, Wareno wakashuka, mapadre wa Mtakatifu Fransisko wakaingia mjini na misalaba miwili wakiimba utenzi wa Te Deum, msalaba ukasimamishwa, kamanda akasali. Na baada ya sala askari wakaanza kupora mali na vyakula vya mji. Kisha wakajenga ngome, wakaiita ya Mtakatifu Yakobo. Mwaka 1512 waliiacha wakaenda zao. Gereza tunayoiona leo kwa sehemu kubwa ilijengwa na watu wa Oman karne tatu baadaye, juu ya mabaki ya ngome ile.

Niliyasema haya kwa sauti ndogo, kwa sababu kiongozi wetu, kijana wa kisiwani, ni Mwislamu, nami niliona haya kidogo mbele yake. Lakini yeye aliyajua yote kuliko mimi. Mama Watoto alitazama ukuta kwa muda, akasema, "Hata Bwana Yesu wamemtia katika dhahabu ya kunyang'anya." Kijana akasema, "Mama, hata sisi huku tulikuwa tumeipata kwa bei zetu wenyewe." Wakatazamana wakacheka wote wawili, na tangu hapo alimwita Mama kana kwamba ni mamaye kweli.

Toka Gereza njia ni nyembamba, yapita kati ya mibuyu na nyumba za watu, maana kijiji kipo, watoto waenda shule, wanawake wanaanika mihogo. Msikiti Mkuu hauko mbali. Sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11; ile kubwa yenye matao na makuba iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, ikaanguka, ikajengwa tena katika karne iliyofuata. Hapaswaliwi tena humo, lakini ni nyumba ya sala, nikavua kofia. Jua huingia mahali paa lilipoanguka, na kivuli cha nguzo hulala chini kama michoro ya mkeka. Mawe yote ni ya matumbawe ya baharini na chokaa yake. Mama Watoto, ambaye amepaka chokaa nyumba yetu mara nne kwa mikono yake, aligusa tao moja akaniuliza kwa nini ukuta wa watu hawa umekaa miaka mia saba na wetu hautimizi mvua mbili. Kiongozi alieleza namna chokaa ilivyochomwa kwa kuni na kuachwa muda mrefu katika shimo kabla haijatumiwa. Wakaongea habari za chokaa mpaka mimi nikaketi. Karibu na hapo kuna msikiti mdogo wa makuba, mzuri kupita wote kwa maoni yangu; ndani ya kuba waonekana mahali palipopachikwa mabakuli ya kung'aa kutoka ng'ambo.

Mwaka 1331 alifika Kilwa msafiri Ibn Battuta, mtu wa Moroko, akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vema. Alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abul Mawahib, maana yake baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Ibn Battuta anasimulia kwamba siku ya Ijumaa, Sultani alipokuwa akitoka msikitini, maskini mmoja wa Yemeni alimsimamisha akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumbani mwa khatibu, akavaa nguo nyingine, akampa zile. Mwana wa Sultani akazikomboa kwa yule maskini kwa kumpa watumwa kumi. Naye Sultani, aliposikia jinsi watu walivyoshukuru, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kiongozi alipofika hapo Mama Watoto alimkatiza. "Hao ishirini," akasema, "walikuwa akina nani?"

Kijana hakuwa na jibu, wala mimi. Ibn Battuta hakuandika.

Twende Makutani. Ni jumba kubwa la karne ya 18, lenye kuta ndefu za kukinga mji, na hapo masultani wa wakati ule walikaa. Mwezi wa Septemba 1776 Sultani wa Kilwa alitia sahihi mkataba na Mfaransa mmoja, Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa riale 20 kila mtu, wapelekwe kulima katika visiwa vya Wafaransa, Morisi na Reunion. Niliogopa kumwambia Mama Watoto, lakini nilikuwa nimesoma habari hizi, na tulipatana tangu nyumbani kwamba hatutafichana kitu. Nikamwambia. Akatoka nje ya kuta, akakaa juu ya mzizi wa mbuyu, akafungua mkate na mayai tuliyobeba, akatugawia. Hakula. Baadaye alisema, "Kumbe bibi hakukosea kusema Kilwa." Nikamwambia ni kweli, hakukosea; mimi ndimi niliyekuwa nikipima karne, naye alikuwa akipima watu. Sultani Barghash wa Unguja ndiye aliyelazimika kupiga marufuku kupeleka watumwa kwa njia ya bahari mwaka 1873. Bibi wa bibi yake angaliweza kuwa mtoto mwaka huo.

Nilidhani atasema turudi. Badala yake alikunja kanga akasema, "Bado kule mlimani."

Kule ni Husuni Kubwa, upande wa mashariki, mwendo wa nusu saa au zaidi kwa mtu asiye na haraka. Njia yafuata pwani, mara katika mchanga, mara kati ya mikoko. Maji yalikuwa yakijaa, ikatupasa tuvue viatu mahali pawili. Sehemu hii ya matembezi ndiyo niliyoipenda kupita zote, nami siwezi kuieleza kwa maneno mengi: bahari ya kijani, korongo weupe wamesimama matopeni, na mke wangu mbele yangu amebeba viatu vyake mkononi.

Kiongozi alituonyesha jinsi bahari inavyokula ufuko. Ukuta mmoja umelala chini kama mtu. Kwa sababu hiyo, na kwa kuchakaa kwa majengo, mwaka 2004 magofu haya yaliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kujenga na kukinga pwani. Mikoko ndiyo kinga ya kwanza. Penye mikoko mawimbi hufika yamechoka. Ilipokatwa kwa boriti na kuni, bahari hufika na nguvu zake zote. Wasomaji wa pwani, mnaochoma chokaa na kujenga, ninyi mwajua ninachosema, na mwajua pia kwamba mtu hukata kwa kuwa hana njia nyingine ya kupata boriti kwa bei ile.

Husuni Kubwa imesimama juu ya jabali, bahari chini yake. Ni kazi ya Sultani yule yule, baba wa zawadi. Vyumba vyapita mia. Mwingereza Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi miaka ya 1960, alikuta kwamba jumba halikumalizika kabisa, na halikukaliwa muda mrefu. Kuna ua baada ya ua, ngazi za kushukia baharini, na katikati birika la kuogea lenye pembe nane, limechongwa vizuri kama chombo cha sonara. Wageni wote husimama hapo wakapiga picha.

Mama Watoto alilizunguka birika. Akapima kina chake kwa macho, kama anavyopima pipa la maji nyumbani. Akauliza kisiwa kina mto gani. Kiongozi akamwambia hakuna mto, ni visima tu. Akauliza, "Hili hujaa ndoo ngapi?" Hakuna aliyejua. Akaanza kuhesabu mwenyewe: ndoo moja kichwani, safari moja, kisha nyingine, jua kama hili, na yule anayeoga akimaliza maji yatamwagwa yaletwe mapya. Alifika mia tatu akaacha. "Hapa," akasema, "ndipo nilipotaka kuja." Akaketi ukingoni mwa birika, akatoa rozari, tukasali fungu moja kwa ajili ya wachotaji. Kiongozi alisogea pembeni akangoja kwa heshima. Na tulipomaliza alisema yeye naye hajawahi kumsikia mgeni akiuliza habari za maji.

Ng'ambo ya kibonde chembamba chenye miiba kuna Husuni Ndogo, ukuta mnene wa mraba mrefu, ambao wataalamu hawajapatana kama ulikuwa ngome au soko. Tulishuka na kupanda kile kibonde kwa kushikana mikono, maana mawe ni makali. Mle kijana mmoja wa kijiji alituonyesha kipande cha bakuli la Uchina, akakirudisha palepale alipokitoa. Yafaa. Sheria ya mambo ya kale tangu mwaka 1964 yakataza kuchukua, na hata fedha ndogo za shaba za masultani zikiokotwa si za kutia mfukoni. Fedha hizo zilisafiri sana: moja ilipatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, na tano ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya kaskazini ya Australia, nani aliyezifikisha huko hajulikani.

Tulirudi alasiri. Nahodha alitugombeza kwa kuchelewa, upepo umekaza. Safari hii Mama Watoto aliketi mbele mashuani, akimwuliza bei ya pweza Masoko, na kama basi la asubuhi hupita kwanza Kivinje. Nahodha akasema si yote. Akaniambia, "Tutafute lile linalopita. Tumefika, na Kivinje nako tupaone."

Mwenye kutaka kwenda na achague miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, na avuke asubuhi kabla ya upepo. Chukueni maji ya kunywa, mengi. Mama avae kanga ya kujitanda, maana mtapita vijijini na penye makaburi. Viatu viwe vyenye soli nene. Malapa ya Mama Watoto yalikatika Makutani, tukayafunga kwa kamba ya mkonge tuliyopewa na mama mmoja wa kisiwani, ambaye alikataa kulipwa.